Mwenye gati anapokuwa pia mchuuzi

*Kesi za maduka ya programu za simu zilizounguruma Marekani na Ulaya zina la kumwambia mvuvi, mkulima na mwenye duka wa Kanda ya Ziwa*

Na Mwandishi Wetu, Kamanga

KWA miaka mingi mkulima wa Sengerema mwenye mananasi au mihogo ya kupeleka jijini Mwanza amekuwa na maji mbele yake, na maji hayavukwi bila mwenye chombo. Aliye upande wa Kamanga hupanda kivuko cha kampuni binafsi kinachomshusha katikati ya jiji. Aliyeshika barabara kuu alikuwa akifika Busisi na kupanga foleni, akisubiri vivuko vya serikali vya kwenda Kigongo. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu na lililogharimu zaidi ya Sh bilioni 700, na foleni ile ya Busisi ikawa historia. Tangu siku hiyo msafiri wa Ghuba ya Mwanza anapiga hesabu: mafuta ya kuzunguka darajani, au nauli ya kukatisha kwa kivuko?

Tumeanza na kivuko kwa kuwa jambo tunaloliandika leo, ingawa limetoka mbali, linafanana nalo. Ni nani mwenye lango, anayepita analipa kiasi gani, na je, akikataa kulipa ana njia nyingine?

Safari hii lango lenyewe ni duka lililomo ndani ya simu.

Mwenye simujanja akitaka programu, iwe ya kutumiana ujumbe, ya benki au ya mchezo wa mtoto, huifuata dukani. Simu za Android, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, huja na Play Store ya kampuni ya Google. Simu za iPhone zina App Store ya kampuni ya Apple, iliyofunguliwa Julai 2008. La Google lilifuata Oktoba mwaka huo huo, wakati huo likiitwa Android Market. Kwa mwenye iPhone, kwa miaka mingi hapakuwa na duka jingine hata kama angelitaka. Mwenye Android anaweza kupata programu kwa njia nyingine, na vijana wetu huzirushiana simu kwa simu bila kutumia bando, lakini wengi hawatoki nje ya duka walilolikuta kwenye simu siku walipoinunua.

Aliyetengeneza programu akiiuza humo, au akiuza kitu cha kidijitali ndani ya programu yake, mwenye duka huchukua kamisheni. Kiwango kilichozoeleka tangu mwanzo kilikuwa asilimia 30. Mwaka 2021, kelele zilipozidi, Apple ilishusha hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo wasiofikisha dola milioni moja kwa mwaka, na Google nayo ikafanya hivyo kwa dola milioni moja za kwanza.

Kutoza peke yake si dhambi. Mwenye gati amelijenga, analifagia na kuliwekea taa. Lawama zinaanza pale mwenye gati anapokuwa naye ni mchuuzi. Apple ina huduma yake ya muziki, na inauza nyimbo katika duka lile lile ambalo mshindani wake, kampuni ya Spotify ya Sweden, analazimika kupitia. Spotify akiuza usajili ndani ya iPhone anakatwa kamisheni, ilhali Apple hajikati mwenyewe. Baya zaidi, kanuni za duka zilimkataza Spotify kumwambia mteja wake kwamba nje ya duka bei ni nafuu. Hebu fikiria umekodi meza sokoni, na mwenye soko anayeuza bidhaa kama yako anakukataza hata kumnong'oneza mteja kwamba nyumbani kwako utampunguzia.

Machi 2024 Tume ya Umoja wa Ulaya iliipiga Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa jambo hilo hilo la muziki. Aprili 2025 ikaongeza faini nyingine ya euro milioni 500, safari hii chini ya sheria mpya ya masoko ya kidijitali, kwa kuwazuia watengenezaji wa programu kuwaelekeza wateja kwenye ofa zilizo nje ya duka.

Marekani mvutano ulianza na mchezo wa watoto. Agosti 13, 2020 kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, iliweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo ili kuikwepa asilimia 30. Apple na Google zikauondoa mchezo huo madukani siku hiyo hiyo, na Epic ikazishitaki kampuni zote mbili.

Hukumu zilizofuata hazikufanana, na tofauti hiyo inafundisha. Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers hakukubali kwamba Apple ni mhodhi wa soko kwa mujibu wa sheria ya taifa ya ushindani, ila aliona kwamba kuwafunga midomo wauzaji ni kuvunja sheria ya jimbo la California. Akaamuru waachwe waseme. Apple ikawaachia waseme, kisha ikaanzisha kamisheni ya hadi asilimia 27 kwa mauzo yatakayofanyika nje ya duka baada ya mteja kuelekezwa huko! Aprili 30, 2025 jaji yule yule aliitia Apple hatiani kwa kukaidi amri ya mahakama. Kesi ya Google ilikwenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na Desemba 2023 wakaamua kwamba Google ilitumia duka lake kuhodhi soko kinyume cha sheria. Rufaa ya Google ilitupwa Julai 2025.

Msomaji anaweza kushangaa. Simu za Google ndizo zenye mlango ulio wazi zaidi, mbona ndiyo iliyoangushwa? Kilichoiumiza ni mikataba. Ilionekana mahakamani kwamba iliwalipa na kuwabana wengine, wakiwamo watengenezaji wa simu na wenye michezo mikubwa, ili maduka ya washindani yasiote mizizi. Anayesema mlango uko wazi huku akimlipa kila mpita njia asiingie kwa jirani hana tofauti kubwa na aliyeufunga kwa kufuli.

Dagaa hawakatwi

Je, haya yanamhusu nini mchuuzi wa Kamanga? Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo wengi hawalijui. Kamisheni ya maduka hayo ni ya vitu vya kidijitali: mchezo, muziki, filamu, usajili wa huduma inayotumika ndani ya simu. Bidhaa ya kushikika na huduma ya mikono havimo. Ukiuza dagaa wa Mwaloni Kirumba kupitia programu ya simu, ukauza gunia la mahindi, au ukamtoza abiria nauli ya bodaboda, Google na Apple hawachukui hata senti kwenye mauzo hayo. Kwa hiyo akija mtu kukuambia kwamba inabidi akukate asilimia 30 ya bei ya samaki wako "kwa sababu ya Play Store", mwambie akuoneshe kanuni hiyo imeandikwa wapi.

Anayeguswa moja kwa moja ni yule kijana wa Mwanza aliyekaa miezi sita akitengeneza programu. Tuseme ni programu ya kumwonesha mkulima bei za mazao katika masoko ya Kanda ya Ziwa, na anataka kutoza Sh 10,000 kwa mwaka ndani ya programu hiyo. Kwa kiwango cha wadogo duka linabaki na Sh 1,500. Akipata wakulima 300, anakusanya Sh 3,000,000 na kuacha Sh 450,000 dukani. Zinauma, lakini hazimuui, kwa kuwa hata akizunguka mnadani na vipeperushi atatumia fedha. Kinachoweza kumuua ni kuamka asubuhi akakuta programu yake imeondolewa dukani kwa barua pepe ya mistari mitatu, iliyoandikwa na mtambo, isiyo na jina la mtu wala namba ya kupiga. Epic ilikuwa na mawakili wa kupambana miaka mitano. Kijana huyu ana kompyuta ya mkopo.

Kwa maoni yetu hapo ndipo penye uzito kuliko asilimia. Bei unaweza kuijumlisha kwenye hesabu zako, lakini hukumu isiyo na pa kukatia rufaa huwezi kuipangia bajeti.

Duka la kwenye kiswaswadu

Hata hivyo wasomaji wetu wengi hawamuuzii mtu programu, na wapo wengi ambao bado wanatumia simu ndogo, kitochi au kiswaswadu kama inavyoitwa mitaani. Nao wana duka lao, na wanaliingia mara nyingi kuliko mwenye simujanja anavyoingia Play Store. Wanabonyeza nyota, 150, nyota, namba za mtandao wao, kisha reli. Menyu inayojitokeza hapo ni duka kamili, na mwenye duka ni kampuni ya simu.

Tazama kilichomo. Kutuma pesa, kutoa, kulipia umeme, kulipia king'amuzi, na chini yake mikopo na akiba. Nani aliamua kwamba mkopo utakaoukuta humo uwe wa benki ile na si ya pili? Ni mwenye menyu. M-Pawa ilipoanza Mei 2014 katika menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, ilikuwa ni ubia na benki moja, Commercial Bank of Africa. Halikuwa kosa, na watu wengi ambao hawajawahi kuingia benki walipata mahali pa kuweka akiba. Lakini SACCOS ya wavuvi haiwezi kuamka kesho ikajiweka kwenye menyu hiyo kwa kupenda kwake. Lazima mwenye gati akubali, na huyo mwenye gati naye anagawana faida na benki iliyomo tayari.

Majirani zetu Wakenya walilipitia jambo hili kabla yetu, na kwa ukali zaidi. M-Pesa ya Safaricom ilianza Machi 2007 na kuenea kama moto wa nyika. Mikataba ya mawakala ilikuwa na kifungu kilichomkataza wakala wa M-Pesa kuhudumia mtandao mwingine. Ukizingatia kwamba karibu kila kibanda kizuri njiani kilikwishachukuliwa, mshindani alikuwa na huduma lakini hana pa kuitolea. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 kifungu hicho kikaondolewa. Mawakala zaidi ya 80,000 wakawa huru kuweka bango la pili mlangoni.

Mwaka huo huo Benki ya Equity ilitaka kuingia kwenye biashara ya simu kwa kutumia laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini ya kawaida, ili mteja abaki na namba yake ya Safaricom huku akitumia huduma ya Equity. Safaricom ilipinga, ikisema laini hiyo inaweza kuhatarisha usalama wa siri za mteja. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliruhusu majaribio ya mwaka mmoja na huduma ikaanza. Kumbuka neno hilo, usalama, maana ndilo Apple ililoliimba mahakamani miaka sita baadaye. Neno lenyewe lina ukweli ndani yake, maana wezi wa mtandaoni wapo. Ila ni vyema kuuliza kila linapotamkwa: anayelindwa hapa ni mteja, au ni mauzo?

Kufungua lango kwa kuchelewa kuna hasara yake. Kenya iliwafungulia mawakala mwaka 2014, ikawezesha kutumiana pesa mtandao kwa mtandao mwaka 2018, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo M-Pesa iliendelea kushika zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya pesa za simu nchini humo. Watu walishazoea, na namba za kulipia zilishapakwa rangi kwenye kuta za maduka yao yote.

Tanzania mambo yalikwenda kwa njia tofauti, na katika hili tujisifu kidogo. M-Pesa ilifika kwetu Aprili 2008, lakini wakala wa Kitanzania hakufungwa kwenye mtandao mmoja. Tembea kibanda chochote cha wakala, mjini au mwaloni, utakuta simu tatu au nne mezani, kila moja na mtandao wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, ulianza kazi mwaka 2021 na kuunganisha benki na mitandao. Matokeo yake yanaonekana: kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2024, hakuna kampuni iliyofikia nusu ya akaunti za pesa za simu nchini. Tigo Pesa imebadilishwa jina na kuwa Mixx by Yas tangu Novemba 2024, na mteja hakulazimika kumtafuta wakala mwingine.

Kwa mwenye kibanda hii ni mboga ya kila siku. Mtandao mmoja ukikatika siku ya mnada, anahudumia wateja kwa mwingine. Mtandao mmoja ukipunguza kamisheni ya wakala, anausukuma pembeni ya meza.

Asilimia 15 zilipomtoa Uber mjini

Serikali ikiingilia kamisheni ya mwenye lango, nini hutokea? Jibu lipo hapa hapa nchini, na halipendezi upande wowote. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilitangaza nauli elekezi za teksi za mtandaoni na kuweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 15. Madereva walikuwa wakilalamika kwamba kampuni zinawakata hadi theluthi moja ya nauli. Katikati ya Aprili mwaka huo Uber ikasitisha huduma zake Tanzania, ikisema haiwezi kufanya kazi kwa kiwango hicho. Bolt nayo ikapunguza huduma. Dereva aliyeshangilia asilimia 15 akajikuta na asilimia 15 ya abiria ambao hawapo. Baadaye LATRA ilipandisha ukomo hadi asilimia 25 pamoja na ada ndogo ya kuitisha gari, na Uber ikarudi Januari 2023.

Tunalotoa hapo si kwamba serikali ikae kimya. Mazungumzo yaliyomalizikia kwenye asilimia 25 yasingeanza bila ile 15. Lakini mwenye gati mkubwa wa dunia anaweza kung'oa nanga na kuondoka, na soko letu kwake ni dogo. Ulaya ina ubavu wa faini za mabilioni kwa kuwa Apple haiwezi kuiacha Ulaya. Dar es Salaam inaweza kuachwa, na Mwanza ndiyo kabisa. Ndiyo maana nchi moja moja katika Afrika Mashariki haitafika mbali peke yake, na ndiyo maana inafaa kuifuatilia Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ambayo Novemba 2025 ilianza kupokea maombi ya kampuni zinazotaka kuungana. Masuala ya maduka ya simu hayajafika mezani kwake, lakini soko la nchi nane haliachwi kirahisi.

Lango nalo lina kazi yake

Tusije tukaonekana tunataka malango yote yang'olewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya biashara bila leseni. Ni ile mikopo ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu: unakopa Sh 50,000, na ukichelewa siku mbili majina yote yaliyo kwenye simu yako, kuanzia mkweo hadi shehe au padri wako, yanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Nchini Kenya, Google iliweka sharti kuanzia Januari 2023 kwamba programu ya mikopo isiyoonesha leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo itaondolewa dukani, na nyingi zikaondolewa. Hapo mwenye duka alitumia nguvu zake vizuri, tena kwa kasi ambayo polisi wasingeiweza.

Tatizo ni kwamba ufunguo ule ule unafungua na kufunga yote mawili. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kila mtengenezaji wa programu za Android atapaswa kujiandikisha kwake na kuthibitisha utambulisho wake, hata kama programu haipitii Play Store, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne zikiwamo Brazil na Indonesia, na kwingineko duniani kuanzia 2027. Sababu iliyotolewa? Usalama. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 ikasema itaacha njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe. Kwa vijana wetu wanaorushiana programu simu kwa simu, hili ni jambo la kuliangalia kwa makini. Wapo watakaookolewa na programu za wizi. Wapo pia ambao mlango pekee wa bure waliokuwa nao utakuwa umewekewa mlinzi.

Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaolima pamba hawahitaji kuelezwa sana habari hizi, maana wao walizikuta kwenye mizani. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 aliyenunua pamba ndiye aliyeshika mizani, na wakulima walilalamika kwamba mizani hiyo haisemi kweli. Kina Paul Bomani waliwaunganisha wakulima, vyama vikaandikishwa, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, VFCU, ambao kabla ya Uhuru ulikuwa ukishika karibu zao lote. Mkulima akapata mizani yake.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Ushirika uliposhika zao lote ukawa nao ni mwenye gati peke yake, na malalamiko ya malipo kuchelewa na makato yasiyoeleweka yakarudi, safari hii dhidi ya wenyewe kwa wenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 ununuzi wa pamba ukafunguliwa kwa kampuni binafsi. Kwa hiyo anayedhani dawa ni kumnyang'anya mgeni lango na kulikabidhi kwa wetu, iwe ushirika au serikali, akaangalie kumbukumbu hizo. Au akumbuke Julai 2021, tozo ya serikali ilipowekwa juu ya miamala ya simu, kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala. Wengi walirudi kubeba fedha mifukoni ndani ya mabasi na vivuko, na tozo ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba ile ile, kisha ikaendelea kupunguzwa kwa awamu.

Afanye nini mfanyabiashara mdogo?

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenye nguvu sokoni kuzitumia vibaya, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Mambo ya mawasiliano yako chini ya TCRA, na ya pesa za simu yako chini ya Benki Kuu. Tunachokikosa ni mashauri yaliyopelekwa hadi mwisho kuhusu menyu za simu na maduka ya programu. Wakenya walipata ufumbuzi wa mawakala kwa sababu Airtel ililalamika kwa maandishi.

Huku tukisubiri hilo, yapo ya kufanya kibandani. Wateja wako waandike kwenye daftari, jina na namba ya simu. Wapo wachuuzi ambao soko lao lote limo kwenye kundi moja la WhatsApp, na siku akaunti ikifungiwa au simu ikidondoka ziwani, biashara imezama nayo. Uwe na laini za mitandao miwili ikiwa mtaji unaruhusu, na uwaambie wateja namba zote mbili.

Mkopo wa kwenye menyu usiuchukue kwa kuwa ndio uliojitokeza wa kwanza. Tuseme unapewa Sh 50,000 na ada ni Sh 4,500 kwa siku 30. Inaonekana ndogo. Ukiurudia kila mwezi kwa mwaka mzima utakuwa umelipa Sh 54,000 za ada kwa ajili ya Sh 50,000 zile zile. Linganisha na SACCOS yako au na kikundi chenu cha kuweka na kukopa kabla ya kubonyeza namba ya kukubali.

Na ukikatwa usichokielewa, au laini yako ya uwakala ikifungwa bila maelezo, anza kwa kampuni yenyewe na uombe namba ya lalamiko. Iandike pamoja na tarehe na saa. Usipojibiwa, TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na fedha iliyokatwa kimakosa ni lalamiko linaloweza pia kufikishwa Benki Kuu. Ujumbe wa muamala usiufute hata kama simu inakuambia imejaa.